Wauzaji wa mtaani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kujiandaa na kutokata tamaa

Ukurasa huu ni wa watu wanaouza kwa miguu: wa bima, wa sola, wa visimbusi, mafrilansa wanaosajili laini za simu chini ya mwamvuli, na wale wanaozunguka na gari la bidhaa duka hadi duka. Maswali ni yale ambayo wapya huuliza wiki ya kwanza na wakongwe huuliza mwezi ukiwabana. Majibu yametoka kwenye kazi hii Tanzania. Aliye Mombasa au Goma atakuta mengi yanamhusu, ila ofisi na sheria za kwake zina majina mengine.

Wiki imeisha sijauza hata kimoja. Kazi hii hainifai?

Mapema mno kusema. Kwanza jiulize umeongea na watu wangapi, na kila mmoja aliishia wapi. Asiyesimama kukusikiliza hajakataa bidhaa, kwa kuwa hata hajaijua. Hapo angalia salamu yako, saa uliyomfuata na mahali uliposimama. Anayesikiliza mpaka mwisho bila kuuliza bei hujamgusa panapomuuma. Anayeuliza bei akanyamaza ana tatizo la hela au la imani, na hayo mawili hayatibiwi kwa dawa moja. Yupo pia anayekubali, anafurahi, halafu kitu kinakwama: namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) haikumbuki, kianzio, yaani malipo ya kwanza, hakijatimia, mume hajaambiwa. Huyo ndiye anayevunja moyo kuliko wote, na ndiye aliye karibu kuliko wote kununua.

Mtu asiyeandika mambo haya jioni hubaki na sentensi moja kichwani: "Watu hawanunui." Haimfundishi kitu, na kesho yake inamchelewesha kutoka nyumbani.

Daftari la muuzaji linaandikwaje?

Kampuni nyingi sasa zina programu ya simu ya kuingiza wateja. Itumie, maana kamisheni inahesabiwa humo. Lakini programu inauliza jina, namba na mahali. Haiulizi kwa nini mtu alisita. Hilo liweke kwenye daftari dogo la mfukoni. Maelezo ya mteja mmoja yanaweza kusomeka hivi:

"Jumanne, Mbagala Zakhiem. Mama wa duka la nafaka mkabala na kituo. Ana friji, anauza maziwa na soda. Umeme ukikatika maziwa yanaharibika. Kauliza bei ya mtambo mkubwa. Anapokea mchezo tarehe 15. Kurudi tarehe 16 asubuhi, kabla hajaenda kufuata mzigo."

Mchezo ni hela ya upatu inayopokelewa kwa zamu. Aliyeandika hivyo tarehe 16 haendi kubahatisha. Anaenda na habari ya maziwa, na anajua hela ipo.

Chini ya ukurasa, kila jioni, andika hesabu ya siku: uliosalimiana nao, waliosikiliza, waliouliza bei, waliolipa. Tuseme umekuta 40, 17, 6 na 1. Siku moja haina maana, ila ukiwa na mwezi mzima wa namba hizo utaanza kuona wastani wako. Kama wako ni mauzo mamoja kwa salamu 40, basi siku utakayojikuta saa nane mchana huna kitu, utafungua daftari uone umesalimia watu 12 tu. Huna nuksi. Hujafika tu. Nasema hivyo kwa sababu wapo wauzaji wanaotoa hela nzuri kununua dawa ya mvuto wa biashara, na ukiwauliza jana waliongea na watu wangapi hawajui.

Asubuhi nijiandae na nini?

Simu imejaa chaji, pawabenki, bando, na fomu za karatasi kwa saa ambazo mtandao unasumbua. Mtandao ukikwama mbele ya mteja aliyekwisha toa hela, kila dakika inayopita inampa nafasi ya kughairi. Ukiwa na fomu unamwandika, unampa namba ya stakabadhi, mnaendelea kuongea huku mfumo ukirudi.

Kitambulisho cha kazi kining'inie kinapoonekana. Chenji ndogo ndogo. Viatu vilivyozoea mguu. Vipya visubiri Jumapili. Kama unaingia mtaa usiokujua, pitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji. Ni dakika kumi zinazoondoa swali la "wewe ni nani, nani kakuruhusu" kwa siku nzima, na mara nyingine mwenyekiti mwenyewe anakuelekeza kwa watu wenye shida unayoitatua.

Na uwe umeshaamua watu watatu wa kwanza kabla hujafunga mlango. Anayefika kituoni ndipo aanze kuwaza aende wapi atakunywa chai mpaka saa nne.

Wateja wengi wananiambia "njoo kesho" au "mwisho wa mwezi". Ni kukataa huko?

Wakati mwingine ndiyo, wakati mwingine sivyo, na muuzaji anayeshindwa kutofautisha huchoka kwa kurudi mahali ambapo hapana kitu.

Mtu mstaarabu hamfukuzi mgeni. Atakwambia inshallah, atakwambia atakupigia, atakwambia baba watoto amesafiri. Anakuhifadhia heshima yako na yake. Sasa sikiliza kinachofuata baada ya maneno hayo. Mwenye nia hukupa sababu na siku: "Njoo tarehe 5, nitakuwa nimepokea mchezo." Asiyetaka hukupa "kesho" iliyo wazi pande zote.

Ukiwa na shaka uliza kwa ucheshi, usimbane: "Mama, nikija kesho nikukute na kitu, au nije kukusalimia tu?" Wengi hucheka, halafu hukwambia kweli. "Mwanangu, kusema ukweli mwaka huu siwezi, nina ada za watoto wawili." Hapo umepata jibu, tena zuri, kwa kuwa limekuokolea safari. Mshukuru, andika, ondoka ukiwa mtu wake. Kwa mzee aliyekupa "marahaba" na kiti, usiendelee kusukuma akishasema hapana mara moja. Utauza kwake siku nyingine kupitia mtoto wake.

Kwa anayesema lazima aongee na mwenzake, amini ni kweli. Sola, bima na kisimbusi ni vitu vya nyumba, na ndoa nyingi zimegombana kwa kitu kilichonunuliwa na mmoja. Omba saa ambayo wote wawili wapo. Jioni ya Jumamosi inauza kuliko asubuhi tano za peke yake.

Mwisho wa mwezi nao una wenyewe. Mwalimu, nesi na askari hupokea mshahara wiki ya mwisho ya mwezi, kwa hiyo wafuate siku hizo. Mkulima ukimwambia mwisho wa mwezi hamuelewani kabisa, na hilo linatupeleka kwenye swali linalofuata.

Kuna miezi mauzo yanakufa kabisa. Nitajiandaaje?

Kwa kujua hela ya mahali unapouza inatoka wapi na lini. Naona hapa ndipo wauzaji wengi hujilaumu bure. Anapelekwa mkoa asioujua, anapewa tageti iliyopangwa Dar es Salaam, miezi mitatu anagonga milango ya watu wasio na hela, halafu anaamini kipaji kimemwishia.

Mtwara na Lindi husubiri korosho. Minada huanza kuchangamka kuanzia Oktoba, na kwa kuwa mazao huuzwa kwa stakabadhi ghalani, mkulima akishapeleka gunia ghalani bado hana hela mkononi. Anasubiri mnada na malipo. Ukimfuata siku aliyopeleka mzigo utasikia "bado hawajalipa", na hadanganyi. Simiyu na Shinyanga msimu wa ununuzi wa pamba hufunguliwa karibu na Mei. Kilombero na Mbarali mpunga huvunwa katikati ya mwaka, na ndipo bati, pikipiki na sola hununuliwa kwa pamoja. Unguja na Pemba, karafuu zikiiva, hata duka la vitenge linajua.

Mjini kalenda ni nyingine. Januari ni ada, sare na kodi ya nyumba. Ramadhani inabadilisha saa za kazi kuliko inavyobadilisha kiasi cha mauzo: mchana watu wamechoka, baada ya futari mitaa inaamka, na wiki ya mwisho kabla ya Idi hela inatoka kwa nguvu kwenye nguo na vyakula, huku bima ikisahaulika. Masika, kati ya Machi na Mei, hukata njia zenyewe. Mto Msimbazi ukifurika barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na mwenye ruti ya Magomeni na Kariakoo kwa siku moja ameshaipoteza nusu. Siku hizo panga upande mmoja tu wa mto.

Miezi mikavu ina kazi zake, ila ni kazi zisizolipa leo: kutembelea waliokwisha nunua, kurekebisha vifaa, kuandika nani atavuna nini. Kwa wanaouza kwa malipo kidogo kidogo, Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo vijijini wateja huacha kulipa na taa zao za sola huzimwa na mfumo wa kampuni. Muuzaji anayepita wakati huo kuuliza hali, bila vitisho, ndiye anayeitwa kwanza mavuno yakiingia.

Na mambo yasiyotabirika, kama soko kufungwa?

Usiwe na wateja wote mahali pamoja. Kariakoo imefundisha hili zaidi ya mara moja: moto wa soko kuu Julai 2021, mgomo wa wafanyabiashara Mei 2023, mwingine Juni 2024, na jengo la ghorofa kuporomoka Novemba 2024. Aliyekuwa anategemea mitaa ile pekee alikaa nyumbani. Aliyekuwa na maduka machache Tandika, Manzese na Tegeta alipunguza oda lakini hakusimama.

Naishije mwezi ambao kamisheni ni ndogo?

Hili ndilo swali la hamasa lenyewe, ingawa watu wanaliuliza kama swali la fedha. Mwenye deni la kodi ya nyumba huuza kwa macho ya njaa, na mteja anayaona.

Mwezi mzuri usiuhesabu kuwa ndio kipato chako. Chukua miezi sita, tafuta ule mbaya kuliko yote, na matumizi ya kudumu (kodi, chakula, ada, nauli) yapange kwa kipimo cha huo. Kinachozidi kwenye miezi mizuri kigawe: sehemu ikae mahali pagumu kutoa, kikoba chenye siku ya kugawana au akaunti usiyokuwa na kadi yake, na sehemu ule na familia yako. Kujinyima kabisa mwezi mzuri kunafanya kazi ionekane haina faida.

Kaa mbali na mikopo ya kausha damu, hasa ile ya kwenye programu za simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wakopeshaji wa aina hii huingia kwenye orodha yako ya majina na kuwatumia watu ujumbe kwamba una deni. Kwa mtu mwingine hiyo ni aibu ya mtaa. Kwa muuzaji, orodha ya majina ni wateja wake.

Naweza kutumia hela ya mauzo kwa nauli halafu niirudishe jioni?

Hapana, hata mia tano.

Shoti, yaani upungufu wa hela ya kampuni mkononi mwako, nyingi hazianzi kwa wizi. Zinaanza Jumatatu kwa nauli, Jumanne kwa chakula, Alhamisi mtoto anaumwa, na mwisho wa wiki hesabu haifungi. Kuanzia hapo mtu haendi tena kutafuta mauzo, anatafuta hela ya mteja mpya izibe ya mteja wa zamani. Wengi wanaoacha kazi hii ghafla na kuzima simu walikuwa wauzaji wazuri waliopata shoti ndogo wakaogopa kuisema ikiwa bado ndogo. Ikishatokea, iseme siku hiyo hiyo kwa maandishi, na pendekeza utakavyoilipa. Na mifuko iwe miwili: hela ya kampuni isikutane na yako hata kwenye akaunti ya simu.

Mwenye duka anataka mali kauli, achukue mzigo sasa alipe baadaye. Nimpe?

Inategemea sera ya kampuni, na kama sera haipo, mdhamini ni wewe. Mpe anayekulipa mzigo uliopita kabla hajachukua mwingine. Usimpe anayetaka kuongezewa juu ya deni. Anza kidogo. Andika kwenye daftari lake na lako, mbele yake, asaini. Kumbuka pia mwenye duka hukopeshwa na magari matano kwa wiki moja, na hulipa kwanza yule anayefika siku aliyosema. Ukisema Alhamisi, fika Alhamisi.

Wateja wanasema bima, sola, vyote ni utapeli. Nianzie wapi?

Anza kwa kukubali kwamba wana sababu. Wapo walioweka hela zao za kustaafu kwenye upatu wa DECI kabla serikali haijaisimamisha mwaka 2009, na baada ya hapo zimekuja nyingine nyingi za mtandaoni zenye majina mapya na ahadi zile zile. Mtu aliyeungua hivyo ukimwambia "sisi ni tofauti" amesikia kama zamani.

Kinachosaidia ni kumpa njia ya kukuhakiki bila kukutegemea wewe. Wakala wa bima lazima awe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Muonyeshe, mwache apige picha. Bima ya gari inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA MIS kwa namba ya usajili wa gari: mwambie aingize mwenyewe, kwa simu yake. Anayesajili laini amfundishe mteja kupiga *106# aone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Hili la mwisho lina nguvu ya ajabu mitaani, kwa sababu wapo waliowekewa laini wasizozijua na wasajili wasio waaminifu, kwa ujanja wa "alama ya kidole haijashika, weka tena". Mteja akiona umempa silaha ya kukukamata, wasiwasi unapungua.

Hela isipite mkononi mwako kama inaweza kwenda moja kwa moja kwenye namba ya malipo ya kampuni. Ujumbe wa simu ukimfikia papo hapo, nusu ya maneno yako hayahitajiki tena.

"Punguza kidogo." Bei yetu haishuki, nijibuje?

Usilie kuhusu bosi. "Bosi ataniua" ni kumwambia mteja kwamba bei inaweza kushuka ila wewe ndiye mdogo. Winga wa Kariakoo, dalali anayeuza bidhaa za duka la mtu, ana nafasi ya kucheza kwa sababu ameweka cha juu chake. Wewe huna, basi sema wazi kwamba bei ni moja kwa wote, na jirani yake alilipa hiyo hiyo. Halafu mpe kitu kilicho ndani ya uwezo wako: kumfungia siku hiyo hiyo, kumfundisha mtoto wake kutumia, kupita baada ya wiki.

Kwa bidhaa za kulipa kidogo kidogo, taja jumla mapema. Kama kianzio ni 50,000 na kila siku ni 1,000 kwa siku 400, sema mwenyewe kwamba itafika 450,000, kisha eleza kwa nini imezidi ya taslimu. Wauzaji wanaficha jumla wakidhani wanaokoa mauzo. Mteja ataijumlisha tu, pengine mwezi wa tatu, akiwa na hasira, mbele ya majirani ambao ulikuwa unataka kuwauzia.

Wenzangu wanauza kwa uongo na wanaongoza kwenye chati. Nifanyeje?

Tazama chati ya miezi sita, usitazame ya wiki. Wateja waliodanganywa hukatisha malipo, na kampuni nyingi hudai kamisheni irudi mteja akiacha mapema. Soma kipengele hicho kwenye mkataba wako leo. Lakini sitakuficha: wapo waongo wanaohama kampuni kabla hesabu haijawafikia, na wanaonekana wamefanikiwa. Wanachopoteza ni mtaa. Kila mwaka inabidi waende mbali zaidi.

Supavaiza anatutukana kwenye kundi la WhatsApp kila asubuhi.

Usijibu kundini. Mfuate faragha, na namba zako mkononi: "Bosi, jana nimesalimia 45, sita wameuliza bei, wanne wanasubiri tarehe 25. Hawa hapa." Ni vigumu kumtukana mtu aliyekuja na ukurasa kama huo, na msimamizi mwenye akili atagundua kwamba anahitaji kuwaona wote kwa namna hiyo. Asiyegundua, angalau umempunguzia sababu.

Kwa wasimamizi wanaosoma hapa: mtu aliyetajwa mwisho mbele ya wenzake hamsini saa moja asubuhi hatauza mpaka saa tano. Mmepoteza saa hizo nne wenyewe.

Semina za hamasa zinasaidia?

Zinachangamsha asubuhi. Makofi, nyimbo, mzungumzaji mwenye gari zuri, na siku inaanza kwa kasi. Mchana jua likiwaka Buza hakuna kinachobaki. Kinachobaki ni kutembea siku nzima na muuzaji mzuri ukiwa kimya, ukitazama anasimama wapi, anasalimiaje, ananyamaza lini. Kama kampuni yako ina bajeti ya moja tu, omba hiyo.

Mimi ni mwanamke. Wateja wengine wanataka namba yangu kwa mambo mengine.

Tumia namba ya kazi iliyo tofauti na yako. Usiingie ndani, zungumza barazani au dukani mlango ukiwa wazi. Mitaa mipya nendeni wawili, na mwenzako ajue ruti yako na saa ya kurudi. Anayeweka masharti ya aina hiyo juu ya oda, iache oda na mwandike kwenye daftari ili dada atakayekufuata asitumwe huko.

Kama anayekusumbua ni wa ndani ya kampuni, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ubaguzi. Hifadhi ujumbe, tarehe na majina ya walioshuhudia. Na msimamizi anayesema "ndiyo biashara, mchekee tu" anakueleza mengi kuhusu mahali hapo.

Kampuni haijanilipa kamisheni. Nina haki gani bila mshahara?

Soma mkataba umekuita nani, lakini usiishie hapo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inaangalia kazi ilivyo: kama unaamrishwa saa za kazi na namna ya kufanya kazi, unaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa hata karatasi ikikuita wakala. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Muda ni mfupi: siku 30 kwa kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine. Wengi hufika wakiwa wamesubiri ahadi za "wiki ijayo" hadi muda umepita. Kila mwezi piga picha taarifa yako ya kamisheni, maana ukitolewa kwenye mfumo hutaiona tena.

Nataka kuuza kwa ofisi kubwa, lakini sipiti getini.

Mlinzi na katibu muhtasi wanajua bosi yupo lini na ni nani hasa anayeamua. Wasalimie kama watu, acha karatasi moja iliyo safi, uliza siku nzuri ya kurudi. Kwa ofisi za serikali usipoteze viatu: manunuzi ya umma yamehamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST tangu 2023, na kampuni isiyosajiliwa humo haiuzi, hata ukijuana na nani.

Taarifa za wateja nilizoandika nazitunzaje?

Kama ambavyo ungetaka za mama yako zitunzwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na picha ya kitambulisho cha mtu ni taarifa binafsi. Usiirushe kwenye kundi la WhatsApp ili kuthibitisha mauzo. Ikishaingia kwenye mfumo, ifute kwenye simu. Daftarini weka "mama wa nafaka", usiweke namba ya NIDA.

Nitajuaje kwamba muda wa kuacha umefika?

Fungua daftari la miezi mitatu, msimu mmoja mzuri ukiwemo. Kama salamu zako zimekuwa zile zile na waliolipa wanapungua kila mwezi, na wenzako wa mtaa huo huo nao wanapungua, tatizo ni bidhaa au bei. Omba ubadilishiwe au hama. Kama wenzako wanauza na wewe umekwama hatua ile ile, tafuta wa kukufundisha kabla hujaondoka, la sivyo utakwama hapo hapo kwenye kampuni ijayo. Kama salamu zenyewe ndizo zimepungua kwa sababu hutaki tena kutoka nyumbani, pumzika wiki moja ya kweli, simu ya kazi imezimwa. Ukirudi na bado hutaki, umeshajua.

Na kampuni ikikutaka uongee usichokiamini, usisubiri miezi mitatu.

Nikiacha, nafanya nini siku ya mwisho?

Funga hesabu mbele ya mtu wa fedha, usifungie kwa supavaiza peke yake. Wajulishe wateja wanaodaiwa nani atawafuata badala yako, ili wasilipe kwa mtu asiyejulikana. Rudisha sare, kitambulisho, mashine na vitabu vya stakabadhi, na usitoke bila karatasi yenye saini na muhuri inayosema huna deni. Bila karatasi hiyo, shoti itakayoonekana mwezi ujao itapewa jina la aliyeondoka.